Mimi Si Mgonjwa, Nimenyamaza Tu

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Chuo cha Tilolwet,
Upande wa Ualimu wa Sayansi ya Watoto, na upande wa Sosho Waka,

Mheshimiwa, nakuandikia nikiwa nimekalia gunia ndani ya kibanda cha kupimia majani chai, hapa nyuma ya boma ya Mzee Kiptanui, karibu na Kapsoit. Saa hii mwanafunzi wako wa sosho waka, Janefer Nyabate, ameingia kwa nyumba ya mzee kabla yangu. Mimi ndiye nimekuja kuposa. Yeye amekuja kunisimamia. Nimemuona kupitia mwanya wa mbao akivua viatu kwa mlango, akainamia wazee vizuri, akapewa kiti. Nadhani hiyo kiti ilikuwa yangu. Nyuma yake ameingia yule mwingine wa sayansi, mwalimu Masese, amebeba ndoo imefunikwa na kitambaa. Sijui ni nini iko ndani ya hiyo ndoo. Ndiyo maana naandika haraka.

Mimi naitwa Kimeli. Shule niliacha darasa la sita, kwa hivyo mahali nimekosea utanisamehe, na mahali nimepatia pia usishangae. Karatasi nimepewa na karani wa majani. Hakuniuliza ya nini, Mungu ambariki.

Kabla ya malalamiko, wacha nikueleze vile kwetu inafanywa, kwa sababu naona huko chuoni hamkufika hiyo sura. Kijana akienda kuposa, haongei. Mjomba ndiye anaongea. Kijana anakaa, anaangalia chini, na akiulizwa kitu mjomba anajibu. Kijana akiongea sana hiyo siku, wazee wanasema huyu ako na haraka, na mtu wa haraka hatawezana na ng'ombe wala na bibi. Mheshimiwa, mimi tangu nizaliwe nilikuwa nimejiandaa kwa hii siku. Hakuna kazi nyingine Mungu amewahi kunipa inanitosha namna hii.

Msichana anaitwa Chepkirui, binti ya huyu Mzee Kiptanui. Tulijuana hapa hapa kwa hii kibanda, yeye akileta majani yao na mimi nikileta yetu. Foleni ikiwa ndefu, yeye anaongea na mimi nasikiza. Ameniambia mambo ya ng'ombe yao, ya kwaya, ya shangazi yake, na ya ndoto aliota juu ya mlima usio na nyasi. Siku moja akaniambia, "Kimeli, wewe ndiye mtu wa kwanza hajanikatiza nikiongea." Hiyo siku nilibeba gunia langu na lake mpaka kwa mzani na sikusikia uzito. Mimi pia nimewahi kumwambia maneno. Si mengi. Lakini hakuna moja nilihitaji kurudisha.

Sasa shangazi yake ako na mtu wake anamtaka aoe huyo msichana, kijana wa kuuza bima huko Kericho mjini. Huyo akisalimia watu, mvua inaweza kuanza na kuisha. Na wazee wamesema leo ndiyo mwisho. Tukitoka hapa bila neno, hakuna kurudi, yule wa bima anaitwa. Nafikiri umeelewa kwa nini mtu kama mimi ameshika kalamu.

LALAMIKO LA KWANZA. Kufanywa mteja bila kuuza wala kununua kitu.

Mlituma wanafunzi wengi wa sosho waka kwa sehemu moja. Kila mmoja alitaka mtu mwenye shida, wao wanamwita mteja, ili afanye mazoezi juu yake mpaka apone. Sisi watu wa huku tulijitahidi kabisa, lakini shida zetu hazikutosha. Kipkemoi, mlevi wetu, alichukuliwa asubuhi ya kwanza na wanafunzi wawili. Wakagombana, mpaka ikakubaliwa mmoja awe naye akiwa amelewa na mwingine akiwa hajalewa. Huyo wa pili mpaka leo hajaanza kazi. Mjane wa kwa daraja akachukuliwa. Mzee anayebishana na kanisa juu ya ua wa shamba akachukuliwa. Nasikia huko Chepseon ilikuwa vibaya zaidi, watu walikuwa wanasingizia shida ndiyo wasiache mgeni arudi mikono mitupu.

Janefer alikuwa ameshikwa na homa, akachelewa. Alifika wakati shida zimeisha. Akanipata nimekaa kwa jiwe nikingoja ng'ombe amalize kukunywa maji.

"Habari yako?" Nikaitikia na kichwa.

"Uko sawa?" Nikaangalia ng'ombe.

"Kuna kitu inakusumbua?"

Hapo nilianza kufikiria, kwa sababu hiyo swali ilikuwa nzuri na haifai kujibiwa ovyo. Nikiwa bado nafikiria, yeye alikuwa amekwisha kuandika.

Akaenda kwa mama. Mama akamwambia ukweli: "Huyu? Huyu ni hivyo tu. Hata alipozaliwa hakulia, tukadhani ni adabu." Janefer akamshika mkono na kusema, "Pole sana, mama. Umebeba hii mzigo peke yako." Mheshimiwa, mama yangu Rodah hakuwa amebeba kitu. Lakini aliposikia hivyo alikaa chini, akaanza kuchoka. Tangu hiyo siku ananiangalia vile mtu anaangalia ndama asiyenyonya.

Jina pia likanifuata. Mahali tunapeleka maziwa asubuhi, vijana wananiita Mteja. "Mteja, leo unapatikana?" Na mwingine anajibu kwa sauti ya yule mama wa simu, "Tafadhali jaribu tena baadaye." Wanacheka mpaka maziwa inamwagika. Mimi nacheka pia, kwa ndani.

Na dawa yenyewe mliyomfunza ni ya ajabu. Alisema chuoni wanafunzwa kunyamaza, ili mteja aone kuna nafasi aongee. Sawa. Akakaa kwa jiwe moja, mimi nikakaa kwa lingine, tukanyamaza. Mheshimiwa, sitaki kujisifu, lakini mlimtuma mtoto wa watu kushindana na mimi kwa kitu nimefanya maisha yangu yote. Ng'ombe ilikunywa, ikala, ikalala. Kabla jua kufika kwa ile miti ya kampuni, Janefer akasema, "Unajua, hata mimi baba yangu alitaka nifanye unesi."

Baada ya hapo haikuwezekana kufungwa tena. Aliniambia ya baba, ya mama mwenye nyumba huko Tilolwet, na ya kijana mmoja anayesoma ujumbe wake kwa simu na hajibu. Akalia. Nikaenda nikamletea chai kwa kikombe cha wageni. Akafuta macho, akakunywa, akachukua kalamu akaandika kwamba mteja ameanza kufunguka.

LALAMIKO LA PILI. Baba mkwe wangu kufanywa somo.

Mwalimu Masese ni mtu mzuri. Anakaa kwetu kwa ile chumba ya nje, anakula chochote, na kila asubuhi anamsalimia mama kabla ya kuuliza chai. Shida ni vile mmemfunza kufunza. Mmemwambia asiwape watoto jibu, wajitafutie. Mtoto akimuuliza kitu, yeye anasema, "Wewe unaonaje?" Dada yangu mdogo, Chepng'eno, ako gredi ya nne kwa darasa lake. Alileta huo ugonjwa nyumbani siku ya kwanza.

Mama akauliza, "Chepng'eno, umefunga ndama?"

"Wewe unaonaje?"

Ndama alikuwa amenyonya yote. Hiyo jioni tulikunywa chai ya rangi, na mama alinyamaza kuliko mimi.

Kisha mwalimu akawaambia watafute sayansi kwa boma zao. Chepng'eno akatafuta, akapata vibuyu. Kwetu mursik, yale maziwa ya kugandisha, haiwekwi kwa kibuyu hivi hivi tu. Kibuyu kinasuguliwa ndani na mkaa wa mti unaitwa senetwet, ndiyo maziwa ilale vizuri na ipate ile harufu. Swali la Chepng'eno lilikuwa, je, usiposugua? Mwalimu Masese angemwambia tu maziwa itaharibika, vile kila mtu anajua. Lakini alifurahi sana, akapiga makofi, akasema, "Swali safi! Sasa tutajuaje?"

Tungejua kwa kumuuliza mama, Mheshimiwa. Alikuwa hapo jikoni.

Chepng'eno akachukua vibuyu viwili vya mama, vinafanana kama mapacha. Kimoja akasugua na mkaa. Kingine akaosha na maji ya mto peke yake. Akamwaga maziwa, akafunga, akaviweka pamoja na vile vingine nyuma ya kitanda cha mama, kwa sababu mwalimu alisema mahali pa kukaa lazima pawe sawa ndiyo jaribio liwe la haki.

Hiyo ndiyo wiki watu wa Chepkirui walikuja kuona boma. Wanaangalia ng'ombe, wanaangalia paa, wanaangalia kama choo imefagiliwa ama imefagiliwa leo tu. Kisha wanakaa, wanapewa mursik. Mama akanyoosha mkono nyuma ya kitanda.

Mzee Kiptanui alipewa kwanza, kwa heshima. Mimi huwa naangalia watu. Niliona shingo yake ikisimama. Lakini mzee wa maana hakatai mursik kwa boma inayotaka mtoto wake, na huyu ni mzee wa maana. Akamaliza. Akasema, "Iko na nguvu." Mama kwa furaha akamuongezea.

Sitaandika yote. Nitasema tu mzee alitoka kwenda kuona majani chai yetu, akarudi, akatoka tena kuyaona. Mjomba wangu Kipkosgei akaanza kutabasamu, akaninong'oneza, "Amependa shamba." Chepng'eno akaenda nyuma ya kitanda, akanusa, akaelewa kabla ya sisi wote. Lakini kwa vile mmemfunza vizuri, hakutuambia jibu. Alichukua daftari, akamfuata mzee mpaka katikati ya chai, na kwa adabu, akimuita agui vile mtoto anaita babu, akamuuliza, "Agui, ilianza na tumbo ama na kichwa?"

Mzee alijibu kutoka kwa majani. Siwezi kuandikia hilo jibu mtu wa digrii.

Wiki iliyofuata kulikuwa na mchoro kwa ukuta wa darasa. Laini za chai zimechorwa vizuri, na katikati mzee amechutama na kofia. Chini imeandikwa: "Tumegundua mkaa ni muhimu." Watoto wa upande wao pia wanasoma hapo. Walitambua kofia. Mwalimu Masese alimpa Chepng'eno alama zote na akanishika mkono mimi kama mtu amepata mtoto. "Kimeli," akasema, "huyu msichana ametumia ushahidi kutoka kwa maisha ya kweli."

Ushahidi ni baba mkwe wangu, Mheshimiwa.

LALAMIKO LA TATU. Uhusiano wenye mipaka.

Hata hivyo, hiyo siku ya vibuyu, bado tungepona. Mzee alirudi akakaa, na mjomba Kipkosgei akasimama kunisemea. Mjomba akisimama kuongea hata mbwa inakaa. Alisema mimi ni mtu wa kazi, sigombani, pombe sijui harufu yake, na ng'ombe wakisikia nikitembea wanasimama wenyewe kukamuliwa. Mzee Kiptanui, tumbo ikiwa imetulia kidogo, akasema, "Hmm."

Hiyo hmm ilikuwa imebakisha kidogo tu iwe ndoa. Mimi niliisikia. Halafu Janefer akainua mkono kutoka kwa mlango wa jikoni.

"Samahani wazee wangu. Kuna sauti moja hapa haijasikika."

Wazee wakaangalia juu. Walidhani anasema paa.

"Ni sauti ya mteja wangu. Watu wote mnaamua maisha yake na yeye amekaa tu hapo. Tumpe nafasi. Kimeli, wewe unahisi nini?"

Nilihisi kuingia chini ya kiti.

Mjomba akauliza, "Huyu ni mtoto wa nani?" Lakini shangazi ya Chepkirui alikuwa na swali kubwa kuliko hiyo. Aliweka kikombe chini polepole. "Na wewe, msichana, ni nani yake?"

Janefer akajibu vile mmemfunza, kwa ukweli na bila kuficha. "Mimi na Kimeli tuna uhusiano, shangazi. Lakini una mipaka."

"Mipaka iko wapi?"

"Hatukutani usiku. Na siwezi kupokea zawadi kutoka kwake."

"Kwa hivyo mchana mnakutana."

"Kila alasiri. Pale kwa mawe. Wiki hizi za mwisho amefunguka sana."

Shangazi akakaza leso yake kiunoni. Mama akasema ngojeni chai. Hawakungoja chai. Mzee Kiptanui pekee ndiye aligeuka kwa geti akaniangalia, na nikaona alitaka niseme kitu, kitu chochote, hata uongo. Na mimi nilikuwa nangoja mjomba.

Chepkirui hakuwa hapo hiyo siku. Aliambiwa tu, na shangazi. Tangu hapo akileta majani anasimama nyuma ya watu wengine kwa foleni na hasemi kitu. Sasa tumenyamaza sisi wawili. Zamani nilikuwa nadhani kunyamaza ni kitu kimoja tu. Kumbe kunyamaza ya mtu mmoja akisikiza mwingine na ya watu wawili hazifanani hata kidogo, na kati ya vitu vyote wanafunzi wako wamenifunza, hiyo ndiyo ya kweli. Hiyo hawakujua wanafunza.

LALAMIKO LA NNE. Posa yangu kuwa mtihani wa mwingine.

Baada ya kuharibu, Janefer alitaka kutengeneza. Aliweka kiti bila mtu mbele yangu, akasema nifikirie ni Mzee Kiptanui, nimwambie yale iko kwa roho yangu. Niliangalia hiyo kiti. Ilikuwa kiti nzuri. Nilikuwa karibu kufungua mdomo wakati mama alipita na karai ya mboga, akaikalia.

Kisha wiki hii akaniambia kwa furaha kwamba mhadhiri wake anakuja kumuona akifanya kazi na mteja, na siku aliyopewa ni leo. Nikamwonyesha na mkono kwamba leo ni siku ya kwenda kwa kina Chepkirui. Akasema, "Ndiyo! Hiyo ni nafasi nzuri sana." Kwa hivyo, Mheshimiwa, mimi nikikataliwa yeye atapimwa vile alinifariji. Nikikubaliwa atapimwa vile alinisaidia. Wa kuanguka hapa ni mimi peke yangu.

Ngoja. Kuna mtu ametoka.

Ni Chepng'eno. Amekuja kwa kibanda, nimemuuliza na macho, na kwa mara ya kwanza tangu mwaka uanze amenipa jibu moja kwa moja, kwa hivyo najua mambo ni mabaya. Amesema ile ndoo ni maziwa. Mwalimu Masese ameleta kuomba msamaha kwa mzee. Hiyo ni vizuri, hiyo ni desturi. Lakini baada ya msamaha amebandika kwa ukuta wa watu karatasi kubwa ya vidudu vya maziwa, anaeleza. Mzee Kiptanui ameuliza, "Kwa hivyo siku ile nilikunywa hivi vyote?" Na mwalimu Masese amemjibu, "Mzee, wewe unaonaje?"

Nimefunga macho kidogo. Naendelea.

Mjomba ako ndani. Mama ako ndani, nimemuona kwa dirisha akivuta kitambaa chake cha kichwa mbele, na huwa anafanya hivyo kukiwa na matanga. Mhadhiri mwenyewe hajafika, nasikia gari imekwama kwa matope kule chini, na naomba Mungu anisamehe kwa vile nimefurahia matope. Mimi nimewekwa hapa ningoje kuitwa. Janefer ndiye aliwaambia wasiniite haraka, mteja apewe muda.

Kwa hayo yote, naomba ofisi yako ifanye yafuatayo.

Kwanza, nitolewe kwa umteja leo. Janefer apewe yule kijana wa bima. Huyo ana shida ya wazi, hawezi kunyamaza, na hakuna mwanafunzi hata mmoja amewahi kumwandikia. Kama hamna kozi ya kunyamazisha watu, mfungue. Mimi naweza kufunza. Kelele haitakuwa.

Pili, kama mtakataa na kusema kunyamaza ni ugonjwa kweli, basi mtibu wote bila ubaguzi. Muanze na karani wa majani. Muende kwa ng'ombe wetu. Mkimaliza, muende mpaka kwa Mungu mwenyewe, ambaye nimeongea na yeye tangu darasa la pili na hajawahi kunijibu kwa sauti, na sijasikia mkimtumia mwanafunzi akae naye kwa jiwe.

Tatu, wahadhiri wote wa sayansi wakunywe kutoka kwa kile kibuyu kingine. Chepng'eno ako tayari kuwafuata na daftari. Mchoro utawekwa pale kwa geti ya chuo, na kofia.

Nne, mwenye kuharibu maziwa ndiye huleta maziwa. Kwa hivyo wewe mwenyewe, Mheshimiwa, uvae koti, uje ukae kando ya mjomba Kipkosgei kama mzee wa upande wangu, useme mbele ya watu kwamba huyu kijana alikuwa mzima mpaka sisi tukamfanya mgonjwa. Uape kwamba yale mawe mawili ni mawe tu.

Na wakikataa hata baada ya wewe kuapa, basi chuo kinitafutie mwingine. Mfunge masomo. Mlete wanafunzi wote, kutoka mwaka wa kwanza mpaka wa mwisho, wapange foleni kwa hii kibanda na magunia, waongee na mimi mmoja mmoja juu ya ng'ombe yao na kwaya na ndoto. Mwendelee hivyo mpaka apatikane mwenye akiongea mimi nasahau kwamba majani iko na uzito.

Hamtampata. Nawaambia mapema ndiyo msipoteze mafuta ya gari.

Nimalize hapo nisikuchoshe. Usalimie wahadhiri wote wa pande zote mbili. Usalimie askari wa geti, na wapishi, maana Janefer anasema chakula ni mbaya lakini watu ni wazuri. Usalimie baba yake Janefer kama anakuja kulipa karo, umwambie mtoto hangefaa unesi, analia haraka. Usalimie pia yule kijana anayesoma ujumbe na hajibu, kama ako huko kwenu. Umwambie hata mimi namshangaa.

Ni mimi, kwa heshima na bila ugonjwa,
Kimeli,
wa boma ya juu ya mto, Kapsoit.

NYONGEZA. Nilikuwa nimekunja hii barua. Janefer amekuja mbio bila viatu, akasimama nje ya kibanda, hakuingia. Anasema Chepkirui ameitwa mbele ya wazee, akaulizwa kama anawajua hawa wageni na kama anakubali kuja kwetu. Amesema hawezi kujibu. Mjomba Kipkosgei akaanza, "Mtoto wangu, Kimeli anasema hivi..." Chepkirui akamwambia, "Mjomba, na heshima, Kimeli hajasema. Umesema wewe. Amesema mama. Amesema huyu dada wa chuo. Mimi siolewi na mjomba, na siolewi na chuo. Nataka kusikia yeye, na yeye akinyamaza leo nitajua nimejibiwa." Mjomba amekaa chini. Janefer anasema hajawahi kuona mtu akikaa hivyo. Shangazi ameitisha simu yake, ampigie yule wa bima.

Mheshimiwa, futa lalamiko la kwanza. Futa la tatu na la nne. La pili ibaki, mzee anastahili. Na yale nimesema juu ya kunyamaza, na desturi, na Mungu, sijayasema. Janefer asihamishwe kwenda popote, aachwe hapo hapo mahali amesimama, kwa sababu nimemuuliza mtu anaanzaje kuongea. Nimemuuliza kwa sauti. Hakuandika popote. Amesema nianze na jina la Chepkirui, kisha nipumue, kisha zingine zitafuata zenyewe, na kama hazitafuata nisikimbie.

Jina nalijua. Hapo kwa kupumua ndiyo sijui.

Kwa hivyo lazima nikuache sasa. Chepkirui ametoka nje, amesimama kwa mlango anaangalia hii kibanda. Amewaambia wazee atangoja mpaka chai ichemke tu, si zaidi, halafu anarudi ndani kwa shangazi, na kutoka hapa kwa mwanya naona kifuniko cha sufuria ya chai kimeanza kuruka.